Kazi ya Mikono: Shamba Lililo Chini ya Maji

 

Mwezi huu twaanza kwa kuungama. Mwalimu mmoja alitujia barazani akatuuliza hivi: "Mbona sisi wa huku juu twalima katika baridi hata mikono yapasuka, na wale wa pwani huketi chini ya mnazi wakingoja nazi ianguke, walakini vijana wetu wote wataka kwenda kwao?" Tukacheka. Tena tukaongeza maneno yetu juu ya maneno yake. Alipokwisha kwenda zake tukaona haya, maana tulikuwa tumemshuhudia jirani neno tusilolichungua. Kila Jumapili twawafundisha watoto amri ya kutomshuhudia jirani uongo, nasi tumeivunja barazani kwetu, huku tukinywa uji. Basi tukatafuta habari za watu wa pwani, jinsi wanavyopata riziki yao, nasi twawaletea hapa. Iwe toba yetu, tena iwe faida kwenu.

Kwanza tukumbuke ya kuwa njia ya kushuka pwani si ngeni kwa Wabena. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida huko Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani, nayo ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Tanga. Mashamba yale yalitaka watu wengi, na katika siku za utawala wa Waingereza watu wengi wa Njombe waliandikwa kazi, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Wako waliorudi na nguo na blanketi na fedha kidogo ya kulipa kodi. Wako ambao hawakurudi kabisa. Siku hizi hakuna kuandikwa namba. Yako mabasi, tena iko reli ya TAZARA iliyojengwa miaka ya 1970 hata 1975, nayo hupita Makambako. Lakini wazo la kijana ni lile la zamani: pwani kuna fedha, huku kuna jembe tu. Je, ni kweli? Na tuwatazame wenyeji wa pwani.

Upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja viko vijiji viitwavyo Paje na Jambiani. Ardhi yao ni ya mawe, udongo wake ni haba, wala mahindi hayastawi huko kama kwetu. Wanaume huvua samaki. Wanawake tangu zamani hushuka ufukoni maji yakupwapo, wakatafuta pweza na chaza. Tena huzika makumbi ya nazi katika mchanga wa pwani, wakayaacha miezi mingi yapate kuoza, kisha wakayafukua, wakayaponda, wakasokota kamba. Tazameni basi, ndugu zetu: wale tuliosema wanangoja nazi ianguke, hata kumbi la nazi hawalitupi. Nani kwetu amefanya mali ya bunzi la hindi?

Kisha ikaja kazi mpya. Baharini huota majani yaitwayo mwani. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Keto Mshigeni, Mtanzania mwenzetu, aliuchunguza mwani wa pwani yetu kwa miaka mingi, akaonyesha ya kuwa waweza kulimwa kama mazao mengine. Mwaka 1989 mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino zilipandwa Paje na Jambiani, na kazi ikaenea upesi hata Pemba, na baadaye hata pwani ya bara. Mwani ukikaushwa hutumwa ng'ambo, na viwandani hutolewa ndani yake kitu cha kugandisha, kiitwacho karajinani. Kitu hicho hutiwa katika dawa ya meno, na katika aiskrimu, na katika vyakula vingi vya kopo. Yamkini mtu wa Makambako apigaye mswaki asubuhi anatia kinywani kazi ya mama wa Jambiani, naye hana habari.

Waalimu, tafadhalini wasomeeni watoto jinsi kazi hii inavyofanywa. Mkulima huchonga vigingi vya miti, akavipigilia mchangani wakati maji yamekupwa. Kati ya kigingi na kigingi hufunga kamba, na juu ya kamba hiyo hufunga vipande vidogo vya mwani, kimoja kimoja, kwa vikamba vyembamba, na hizo ndizo mbegu zake. Saa za kazi hupangwa na mwezi. Mwezi uandamapo, na mwezi uwapo mpevu, maji hukupwa sana, nao huita siku hizo bamvua. Siku hizo ndizo za shamba. Maji yakiwa mafu, shamba halifikiki. Mwani hukua kama majuma 6, kisha huvunwa, huchukuliwa mpaka nchi kavu ukiwa mzito kwa maji, huanikwa juani, hugeuzwa, hutiwa guniani. Mwani mwingi mbichi hutoa mkavu kidogo: kilo 7 au zaidi hukauka zikawa kilo 1. Mama husimama majini hata magotini, na wakati mwingine hata kiunoni, mgongo umeinama, jua kali juu ya kichwa, na chumvi machoni. Huyu ndiye tuliyemwita mvivu.

Kwetu liko shamba linalofanana na hilo. Ni kinyungu. Sisi nasi wakati wa kiangazi, milima ikiwa imekauka, hushuka bondeni penye unyevu, tukalima mboga na mahindi mabichi. Mtu wa pwani afuata maji yakiondoka, nasi twayafuata yalipobaki. Mungu mmoja ametulisha sote pembeni mwa maji.

Sasa twafika mahali ambapo twaomba ndugu wanaume wasigeuze ukurasa. Wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba ni zaidi ya 20,000, na katika kila watu 10 wa kazi hii yapata 8 ni wanawake. Hapo mwanzo wako wanaume walionung'unika. Walisema, mke akikaa baharini saa nyingi, nani atapika? Tena, mke mwenye fedha yake atamsikiliza nani? Lakini fedha ilipoingia nyumbani, watoto wakapata sare na madaftari, nyumba za makuti zikaezekwa bati, na vyombo vikanunuliwa. Ndipo manung'uniko yakapungua. Wanaume wengine wakaingia kazi hiyo wenyewe.

Nasi Wakristo je? Twaijua nyumba ambayo mke hupanda maharage, hupalilia, huvuna, hupiga, hupepeta. Siku ya mnada mume hulipeleka gunia peke yake, akarudi usiku bila gunia wala fedha, na kinywani mna harufu ya ulanzi. Asubuhi mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa daftari. Jambo hili halikutoka pwani. Ni letu, nalo halitaondoka kwa kusali mezani tu. Kitabu cha Mithali kinapomsifu mke mwema, chamwonyesha akinunua shamba na kuuza kazi ya mikono yake, tena mumewe amwamini. Na Dorkasi wa Yafa, mji wa pwani, hakukumbukwa kwa maneno yake bali kwa nguo alizowashonea wajane. Mume amwaminiye mkewe hapungukiwi heshima. Heshima humpungukia yule ambaye watoto wake wajificha wasikiapo hatua zake mlangoni.

Walakini tusitoke katika kosa moja tukaingia jingine, tukadhani ya kuwa pwani ni peponi. Shamba la baharini lina nondo na kutu yake. Mwani huo ni wa namna mbili hasa. Ule uitwao kotoni bei yake ni kubwa, na ule uitwao spinosumu bei yake ni ndogo. Tangu miaka ya 2000 kotoni umekuwa ukifa katika maji machache ya ufukoni, kwa kuwa bahari imezidi joto. Mwani huugua, hugeuka mweupe, hulegea, hukatika, ukachukuliwa na mawimbi. Basi wengi wamebaki na ule wa bei ndogo. Na bei yenyewe mkulima haiweki. Hupangwa mbali, na watu wasiojua hata rangi ya maji ya Paje. Tena wako waliopewa kamba na mbegu na mnunuzi, nao sharti yao ikawa kumwuzia yeye peke yake. Kamba ile iliyofunga mwani imemfunga na mkulima.

Je, maneno haya ni mageni kwetu? Mkulima wa viazi wa Njombe aijua lumbesa. Gunia hujazwa, kisha juu yake hushonewa kilemba cha viazi vingine, nalo huitwa gunia moja na hulipwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo yakataza jambo hili, lakini mkulima aliye peke yake kando ya barabara, na mvua yaja, na ada ya shule imefika, hukubali. Mkulima wa parachichi naye huuza matunda yakiwa mtini, kabla hayajakomaa, kwa kuwa ana shida leo. Bwana Mungu huchukia kipimo cha udanganyifu, nasi twafundishwa hivyo tangu utoto. Basi amchukia yeye aujazaye mno mfuko wa mwenziwe. Lakini aketiye kimya na kumtazama jirani akipunjwa, ili yeye auze kwanza, hana la kujivunia.

Wanawake wa Unguja hawakukaa wakalia tu. Mtaalamu wa bahari, Dakta Flower Msuya, pamoja na wenziwe, amefanya kazi nao miaka mingi, na mwaka 2006 ulianzishwa mtandao wa kuwaunganisha wakulima wa mwani na wataalamu na wafanyaji biashara. Wakajifunza kuusaga mwani uwe unga, na kwa unga huo wakafanya sabuni, wakiuchanganya na mafuta ya nazi na karafuu. Mwani mkavu huuzwa kwa gunia na bei yake ni ya mnunuzi. Kipande cha sabuni huuzwa kwa bei ya aliyekifanya. Wengine wamejifunza kulima katika maji ya kina, ambako joto si kali sana, na kwa ajili hiyo wanawake wazima waliozaliwa kando ya bahari wamejifunza kuogelea. Twalipenda neno hilo. Mama mwenye wajukuu haoni haya kujifunza kuogelea, nasi twaona haya kujifunza kuandika hesabu ya alizeti yetu.

Tuwape mfano mmoja tena, wa jirani zetu wa Kenya. Katika kaunti ya Kwale iko ghuba ya Gazi, nayo ina msitu wa mikoko. Mikoko ni miti iotayo katika matope ya bahari, na katika mizizi yake samaki wadogo na kaa hujificha wakakua. Zamani boriti zake zilikatwa kwa wingi, zikajenga nyumba, zikauzwa mbali, na msitu ukapungua. Wataalamu wa bahari, Dakta James Kairo akiwa mmoja wao, wakapanda tena pamoja na wanakijiji. Tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinalipwa kwa kuitunza mikoko hiyo, hekta 117. Watalipwaje kwa miti isiyokatwa? Ni hivi: mikoko huvuta kutoka hewani ile hewa ya ukaa izidishayo joto la dunia, ikaihifadhi katika shina na katika matope yake. Wako watu wa nchi za mbali watakao kulipia kazi hiyo. Fedha haiingii mfukoni mwa mtu mmoja. Iko kamati iliyochaguliwa na wanakijiji, nao huamua katika mkutano: huku bomba la maji, huku vitabu na madarasa ya shule. Jina la kazi yao ni Mikoko Pamoja, na mwaka 2017 walipewa tuzo na Umoja wa Mataifa.

Huenda msomaji wetu wa Imalinyi atasema, "Habari njema, lakini mimi nina nini na mikoko?" Ndugu, una jambo nayo kubwa. Chukua ramani ya shule, uweke kidole juu ya milima ya Kipengere, iliyo kwetu. Mito yake hushuka katika bonde la Usangu, hujiunga na Ruaha Mkuu, ambao hupita mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotoa umeme, ukajiunga na Rufiji. Na Rufiji huingia baharini kuelekea kisiwa cha Mafia, katika mikoko iliyo mingi kupita mahali pengine pote pa Tanzania. Maji yaliyoosha miguu yako yana safari ya kwenda pwani, kama kijana wako. Lakini tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sababu ni nyingi, na zilizo kubwa ziko chini kwetu, katika mashamba ya mpunga. Hata hivyo chemchemi ziko kwetu, na tusijifanye hatuna sehemu.

Hapa neno letu ni gumu, kwa kuwa tumekwisha kuvisifu vinyungu, nasi wenyewe twavila. Kinyungu kilicholimwa mpaka jicho la chemchemi huiua chemchemi. Mikaratusi iliyopandwa bondeni hunywa maji ya kijiji kizima. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za watu ndani ya meta 60 toka ukingo wa mto na chanzo cha maji. Wako watakaouliza, "Nikirudi nyuma hatua hizo zote, watoto watakula nini mwezi wa Oktoba?" Swali hili ni la haki, wala hatulijibu kwa kukemea. Twasema tu ya kwamba halijibiki na mtu mmoja. Mmoja akirudi nyuma, jirani huisogelea nafasi yake. Wote wakirudi pamoja, kwa shauri la kijiji, na wenye nafasi juu wakawagawia wenye kinyungu tu, jambo hilo lawezekana. Watu wa Gazi walikuwa na njaa ya kuni na boriti kama sisi tulivyo na njaa ya bonde. Walikaa mkutanoni wakakata shauri, na msitu ukabaki.

Basi, wapendwa, kazi ya mwezi huu ni tatu. Mume na mke na waketi usiku mmoja, watoto wakiwapo, waandike katika daftari nani alifanya kazi gani katika shamba la mwaka huu, na fedha ilikwenda wapi. Wasiojua kuandika na wamwite mtoto ajuaye. Wakulima wa mtaa mmoja wasiuze kila mtu peke yake: na wakusanye viazi au alizeti mahali pamoja, wapime kwa mizani, waweke bei wakiwa wengi, na mwenye shida ya ada wamkopeshe kwanza ili asiuze usiku. Na waalimu wawaonyeshe watoto njia ya maji katika ramani, toka Kipengere hata Mafia, kisha wawapeleke kwenye chemchemi iliyo karibu, wahesabu hatua toka jichoni mpaka kwenye shamba la kwanza. Watoto watasema kweli. Na sisi wazee tusikie.

Na kijana atakaye kwenda pwani, hatumfungi kamba. Na aende, akijua ya kuwa huko pia riziki ni jasho, na mwenye kupata ni yule aliyejifunza kazi na kushikamana na wenziwe. Akifika, na awasalimu watu wa huko kwa heshima. Walio wengi ni Waislamu, nao ni jirani zetu. Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja mtu wa kabila lingine, mwenye imani nyingine, ambaye wasikilizaji walimdharau.

Yule mwalimu aliyetuuliza barazani tumempelekea ukurasa huu kabla hamjausoma ninyi, tukamwomba radhi kwa kucheka naye. Amejibu kwamba ataanza na hesabu ya hatua za chemchemi ya shule yake, ambayo kando yake pana kinyungu, na kinyungu hicho ni chake. Mungu amsaidie, atusaidie na sisi.

Kaeni kwa amani.